Jiko la Idalmis Lilivyosasishwa

Mtu akinitajia neno sasisho, mate yananijaa mdomoni, na si ya uchu. Natamani nimtemee miguuni. Nimekaa mapokezi miaka kumi na tisa katika kituo chetu cha magari ya wagonjwa hapa Camagüey. Nimeona paa likivujia mafaili, nimeona panya akizaa kwenye droo ya mihuri, na hakuna kilichowahi kunitia kinyaa kama ile wiki ya Juni tuliyosasishwa. Nitasimulia, lakini mtu asiniambie nipunguze ukali. Huu ndio nilioupunguza.

Kwanza mumjue Idalmis Varona, mwandishi wetu wa programu. Ana miaka hamsini na mbili, mwembamba, nywele anajikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, na inaonekana. Kazaliwa kwenye kambi ya kiwanda cha sukari ambacho sasa ni vyuma vitupu na mbuzi. Alisoma hesabu chuo kikuu, akafundisha shule miaka minane mpaka sauti ikamkauka, ndipo akaja kwetu. Anaishi ghorofa ya tatu na dada yake na kuku watano. Kazini anakuja kwa baiskeli ya Kichina ya tangu ile miaka ya shida kubwa, na chakula chake cha mchana ni mkate na kipande cha jemu ngumu ya mapera, kila siku ya Mungu. Watoto wa dada yake wako ng'ambo. Jumapili wanampigia: "Mama mdogo, njoo huku, huko mtakufia gizani." Naye anawajibu, "Na orodha ya Jumatatu ataitoa nani?" Wanacheka. Yeye hacheki.

Orodha anayoisema ni ya wagonjwa wa figo. Mkoani kwetu wako wengi ambao damu yao inasafishwa kwa mashine hospitali, mara tatu kwa wiki, na sisi ndio tunaowafuata majumbani kwa gari na kuwarudisha. Zamani orodha niliiandika mimi kwa mkono. Mwaka mmoja madereva wawili, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayempitia mama fulani wa kule kwenye mashamba ya mpunga. Hakuna aliyempitia Ijumaa, na Jumatatu walipokwenda walikuta majirani wamekaa barazani kimya. Idalmis hakumgombeza mtu. Alikaa kwenye kompyuta yake miezi miwili, akatoka na programu inayojua kila mgonjwa, njia yake, siku zake, na gari gani lina matairi ya kuvuka mto. Inampa kila dereva karatasi yenye namba. Tangu hapo hajasahaulika mtu.

Sasa, programu ni kama wali uliokwisha iva: unakula tu. Ila ukitaka kubadilisha kitu ndani yake, inabidi uupike upya, na kwa hilo unahitaji jiko. Jiko, Idalmis ndivyo alivyoliita, ni ile mitambo iliyomo kwenye kompyuta yake: kitafsiri kinachogeuza anayoyaandika yawe programu inayotembea, pamoja na maktaba ndogondogo kumi na saba, yaani vipande vilivyoandikwa na wengine ambavyo programu inavitegemea, kila moja ya toleo lake, zimezoeana kama wake wenza waliokwisha choka kugombana. Toleo la moja likibadilika, nyumba inawaka moto. Kwa hiyo kwenye kioo cha kompyuta yake alibandika karatasi: HII HAISASISHWI. AKIGUSA MTU NITAJUA.

Tatizo letu ni mkuu wa kituo, Evelio Quintana. Mwanamume wa shati lililopigwa pasi hata siku zisizo na umeme. Sijui anapiga kwa nini, labda kwa makalio. Kila mwaka kabla ya sherehe za Julai kuna mashindano ya vituo, na kituo bora kinapewa bendera. Evelio anaitaka ile bendera kuliko anavyotaka pepo. Mwaka huu mkoani walitoa kipengele kipya: usalama wa mitambo, asilimia ya kompyuta zilizosasishwa. Sisi tunazo kumi na moja.

Masasisho yalikuwa mji mkuu, Havana. Kuyavuta kwa mtandao wetu huu, ungeanza leo ukamaliza mjukuu wako anaoa, kwa hiyo kama kawaida yetu ilibidi mtu apande basi na diski akayanakili. Diski hatukuwa nayo. Yaani tulikuwa nayo moja, ya akiba, imefungiwa kabatini kwa Evelio, na ndani yake mlikuwa na nakala ya jiko zima la Idalmis. Evelio akaichukua, akaifuta, akaituma Havana ikalete masasisho. Hakumwambia mtu. Akiba yetu aliifanya chombo cha kubebea kile kitakachotuua!

Diski ikarudi, kompyuta kumi zikasasishwa. Kumi kwa kumi na moja ni asilimia tisini na kidogo, na Evelio halali na tisini. Jumatano ile Idalmis aliomba ruhusa ya asubuhi, zamu yao ya kuku wa mgao ilikuwa imefika dukani na dada yake mguu unamuuma. Evelio akaingia chumbani kwake na diski. Mimi nilimwona. Nikamwambia, "Mkuu, karatasi ile umeisoma?" Akasema, "Ndugu Nereida, karatasi haziongozi kituo." Akaibandua, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. Baada ya saa mbili akatoka anang'aa: asilimia mia. Mimi nilirudi kwenye kiti changu. Idalmis aliporudi na kuku wake kwenye mfuko wa plastiki nilimwambia, naye akatazama kioo kitupu, akatazama saa, akasema tu, "Tuombe hospitali wasibadilishe chochote."

Hospitali walibadilisha kesho yake. Alhamisi saa mbili asubuhi simu ikalia. Mtambo wa maji wa ukumbi mmoja wa kusafishia damu umeharibika, ukumbi umefungwa, kuanzia Ijumaa wagonjwa watasafishwa kwa zamu tatu kwa siku badala ya mbili. Programu ya Idalmis ilijua zamu mbili tu. Kuifundisha ya tatu, siku za kawaida, ni kazi ya nusu saa.

Mtasema, si mngeandika kwa mkono? Khaa! Mwaka juzi Evelio aliweka kanuni, mafuta yasiibiwe: kituo cha mafuta hakimpi dereva hata tone bila karatasi yenye namba iliyotoka kwenye programu. Namba inaenda kwao, wanalinganisha. Karatasi ya mkono wangu pale wanafutia mikono. Na mafuta hutolewa siku ya kuamkia safari, mwisho saa kumi alasiri. Na siku ile kwa ratiba ya mgao umeme ulikuwa unakatika kwetu saa nane kamili, kurudi saa mbili usiku. Wagonjwa wa Ijumaa walikuwa ishirini na watatu.

Mmoja wao alikuwa ameshafika na kukaa kwenye benchi langu. Mzee Eulogio, fundi wa zamani wa mashine za kukata miwa, miguu imevimba hadi kandambili hazimwingii, amekuja na gari la farasi kutoka kilomita kumi na nane kwa sababu jirani yake alisikia tangu usiku habari za ukumbi kufungwa.

"Nereida, mama," akasema, "mie kesho nimo au simo?"

"Umo, mzee. Nenda nyumbani."

"Siendi mpaka nione jina langu kwenye karatasi. Mashine ndiyo inayonikojolea, mwanangu. Mke wangu anaionea wivu, lakini kaniambia nisirudi bila kujua." Akacheka, kisha akakohoa, kikohozi chenye maji ndani. Usiku kucha alikuwa hajalala chali. Akikosa siku moja anavimba, akikosa mbili tunatafuta maua. Hilo tulilijua sote.

Idalmis akaketi. Nilisimama nyuma yake kwa sababu simu ilikuwa kimya na mimi mbea. Aliandika mistari yake ya zamu ya tatu, safi, dakika ishirini. Akaamuru jiko lipike. Jiko likasema maktaba ya tarehe haionekani. Akaitafuta, akaiweka. Likasema maktaba ya tarehe sasa ipo, ila ni mpya mno kwa ile ya kuchapisha. Akaweka mpya ya kuchapisha. Likasema ile ya kuchapisha haitaki kuongea na kitafsiri. Akagusa kitafsiri. Kitafsiri kikatapika: hitilafu mia nne na kumi na mbili. Amri alizoandika miaka kumi na miwili nyuma, alizoziandika kwa usahihi, kumbe huko ulimwenguni wameamua siku hizi ziandikwe namna nyingine.

"Wameamua akina nani?" nikauliza.

"Watu wasiojua kama tupo."

Akaanza kuzirekebisha mojamoja. Alipofika ya thelathini akaamuru tena: hitilafu mia nne na hamsini. Nilitukana. Yeye aliuma kipande cha jemu, akatafuna taratibu, akafungua mtandao kutafuta matoleo ya zamani. Ukurasa ukajivuta dakika tisa. Ulipofunguka ukaandika kwa adabu kwamba huduma hii haipatikani katika nchi yako, ni vile vikwazo tulivyowekewa. Akajaribu mwingine. Adabu ileile. Kwa adabu kama ile heri matusi! Akatazama kama sasisho lenyewe limebakiza toleo la zamani mahali. Limefuta, na likaacha ujumbe wa kujisifu kwamba limetupunguzia mzigo.

Akaenda mlangoni kwa Evelio. "Mkuu, naomba diski ya akiba."

"Ipo," Evelio akasema, akamnyooshea. Idalmis akaichomeka, akatazama, akarudi nayo.

"Humu mna masasisho."

"Naam."

"Na nakala yangu?"

"Nafasi haikutosha, ndugu Idalmis. Kupanga ni kuchagua."

Nilimwona Idalmis akifumba macho. Kisha akamweleza yote kwa sauti ya mwalimu, ishirini na watatu, saa nane, saa kumi. Evelio akasikiliza, akasema, "Mimi nina imani na wewe. Hata hivyo kompyuta usiishushe toleo, asilimia imeshatumwa mkoani." Ptu! Mtu na wagonjwa wake, yeye na asilimia yake.

Ilikuwa saa tano kasoro. Idalmis akaniambia, "Kuna mtu mmoja tu mjini mwenye nakala."

"Usinitajie."

"Shoga, nakutajia. Panda."

Nikakaa nyuma kwenye kikalio cha baiskeli, na mimi si mwepesi. Vichochoro vyetu vimepinda kiasi kwamba unaweza kukutana na mgongo wako mwenyewe, na kila kona alikuwa ananiambia, "Nereida, konda," nami namwambia, "Wewe nenepa." Tulikuwa tunacheka ili tusifikiri tunakokwenda.

Tulikuwa tunakwenda kwa Remberto Arteaga. Alikuwa fundi wetu wa kompyuta. Kijana wa wakati ule, mtu wa kunakili kila kitu. Kila Ijumaa alikuwa anachukua nakala ya mitambo yote ya kituo kwenye diski yake mwenyewe, anaenda nayo nyumbani, kwa sababu, alisema, nyumba moja ikiungua nyingine inabaki. Miaka saba iliyopita Evelio aligundua, akaita mkutano: huu ni wizi wa mali ya umma. Hakuna aliyeuliza Remberto kaiba nini hasa na kamuuzia nani. Evelio akasema wanaokubali aondolewe wanyooshe mikono. Unajua mkutano unavyokuwa. Unanyoosha kwa sababu wa mbele yako kanyoosha. Tulinyoosha sote, kwa kauli moja. Idalmis alinyoosha. Nami nilinyoosha, nikaandika na muhtasari.

Tulimkuta mlangoni kwake, meza kizingitini, anatengeneza sufuria ya umeme ya wali ya mtu. Mvi zimemwingia. Akatutazama, akashusha bisibisi.

"Loh! Leo jua limetokea magharibi. Karibuni. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu bado," Idalmis akasema, akamweleza amesimama, hakukubali kukaa. Remberto alisikiliza. Alipofika kwenye diski ya akiba kufutwa, Remberto alicheka mpaka akashika meza.

"Kaifuta mwenyewe? Kwa mkono wake?" Akaingia ndani, akarudi na diski imeviringwa kwenye soksi. "Jiko lako limo, la Ijumaa ya mwisho niliyofanya kazi. Huhitaji hata kulisimika, linawaka humuhumu ndani ya diski, masasisho ya Evelio yasiguswe, abaki na asilimia yake."

Idalmis akanyoosha mkono. Remberto hakuachia.

"Daftari la diski za nje bado lipo?"

"Lipo," nikasema. Hilo daftari ni langu. Kompyuta zetu mahali pa kuchomeka pamebandikwa karatasi ya muhuri. Kabla diski ya nje haijachomekwa, mimi naandika ni ya nani na imetoka wapi, mkuu anasaini, ndipo anabandua.

"Basi mniandike. Mwenye diski: Remberto Arteaga. Ilikotoka: nakala ya akiba ya kituo, niliyoitunza. Evelio atie saini yake chini. Sitaki kingine, wala kazi yenu siitaki. Na usinakili chochote, Idalmis. Jina likishaandikwa, njoo nikupe yote, iwe yenu kabisa."

"Nakuahidi," Idalmis akasema.

"Na wewe, Nereida? Kalamu ni yako."

"Nakuahidi," nikasema. Ulimi hauna mfupa.

Tulirudi saa sita na nusu, jasho tupu. Mzee Eulogio alikuwa palepale, amelaza kichwa ukutani, anapumua mdomo wazi. Nikafungua daftari, nikamwita Evelio aje abandue muhuri. Akauliza ni diski ya nani. Nikamwambia. Uso ukambadilika rangi.

"Hilo jina haliandikwi hapa."

"Mkuu, mtu yuko pale kwenye benchi," Idalmis akasema.

"Wakaguzi wa mashindano wanakuja wiki ijayo, kitu cha kwanza wanafungua ni daftari hili. Wataona nimesaini kwamba kituo kimeokolewa na mtu niliyemfukuza, kwa kitu kilekile nilichomfukuzia? Mnanionaje?" Akanigeukia mimi. "Ndugu Nereida, andika: diski ya ofisi."

"Diski ya ofisi uliifuta," Idalmis akasema. Sauti ilimpanda, mara ya kwanza kuisikia. "Iko mezani kwako, imejaa uchafu wako!"

"Andika, au muhuri hautoki."

Saa ya ukutani ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Idalmis alinitazama, hakusema niandike, hakusema nisiandike. Mzee Eulogio akasema kutoka kwenye benchi, "Jamani, hata mkiandika ni diski ya Papa mie sawa, ila fanyeni haraka."

Nikaandika: diski ya ofisi. Mwandiko mzuri, wa duara, kama nilivyofundishwa na watawa... hapana, si watawa, ni mwalimu mmoja wa kijijini, lakini alikuwa mkali hivyohivyo. Evelio akasaini, akabandua muhuri kwa ukucha.

Jiko liliwaka mara moja. Sijui kompyuta, lakini nilimwona Idalmis mabega yakishuka. Mistari yake ya asubuhi ikaingia, kitafsiri hakikulalamika hata kidogo, programu ikajipika polepole kwa kuwa jiko liliwakia kwenye diski, ikatoka inajua zamu tatu. Saa nane kasoro dakika kumi mashine ya kuchapa ikaanza kutoa karatasi. Ya nane ilitoka na umeme ukakatika, na ya nane ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nikampelekea Mzee Eulogio jina lake, zamu ya pili, saa tano asubuhi. Akaisoma, akaibusu ile karatasi, akanibusu na mimi shavuni, akaniachia ubichi wa jasho. Madereva wakapata mafuta. Kesho yake walichukuliwa wote ishirini na watatu na kurudishwa.

Sasa nisijitie utakatifu. Nimejieleza kwa watu kwamba niliandika vile kwa ajili ya yule mzee. Si kweli. Saa ile kwa hesabu yangu muda wa kugombana dakika kumi zaidi ulikuwepo. Evelio angelegea, mwoga yule, na Idalmis alikuwa ameshasimama tayari kupigana. Niliandika kwa sababu Evelio kaniambia andika, na mkono wangu umezoea. Huyo ndiye mtu ninayemsema toka mwanzo kwa ukali, na mimi nimo kiganjani mwake.

Ijumaa mchana simu ya hospitali tena: kuanzia Jumatatu wanaletwa wagonjwa sita wa mji wa jirani, na kwa ajili yao kutakuwa na zamu ya nne. Mzee Eulogio anasogezwa huko. Orodha yao ilikuwa itoke Jumamosi, maana Jumapili kituo cha mafuta hakifungui. Idalmis hakukubali kuitumia tena kwa uongo, akaichukua ile diski ndani ya soksi ya Remberto, tukaenda tena kwake. Njiani hatukutaniana. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu.

Remberto alipokea diski yake, akaipangusa, akaiweka kwenye meza upande wake. Hakumuuliza Idalmis. Aliniuliza mimi.

"Uliandika nini?"

Nikamwambia.

"Na mwandiko ni wako?"

"Wangu."

Akaichukua bisibisi yake, akaendelea na sufuria. Idalmis akaanza kumweleza habari za Jumatatu, wagonjwa sita, zamu ya nne, na Mzee Eulogio anayesogezwa huko. Remberto hakuinua kichwa.

"Vizuri," akasema. "Kaitafuteni hiyo diski ya ofisi."

Idalmis alirudi kazini akakesha akirekebisha zile hitilafu mia nne mojamoja, umeme ulipokuwepo. Jumamosi asubuhi nilimkuta amebakiza mia tatu na tano, macho mekundu, jemu haijaguswa. Hakuniomba kitu. Evelio alikuwa ofisini kwake anapima ukuta wa kutundikia bendera.

Nikafungua daftari. Kwenye daftari lile kufuta ni kosa, ukurasa ukichafuka unaitwa kujieleza mkoani. Nikakata ule mstari kwa wino mwekundu, nikaandika chini yake: Diski ni ya Remberto Arteaga, alituhifadhia nakala tuliyomfukuzia. Niliandika uongo hapo juu kwa kuagizwa na mkuu wa kituo. Nereida Socarrás. Kisha nikalibeba daftari zima kwapani, nikapita mbele ya mlango wa Evelio. Akaniuliza naenda wapi na daftari la kituo. Nikamwambia, "Kaliandikie barua." Nikaenda kwa miguu.

Remberto alilisoma amesimama mlangoni. Alisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Nilikuwa nahema, nasubiri, na nakiri nilikuwa najisikia mtu mwema. Akafunga daftari, akanirudishia.

"Hii ni ya juzi," akasema. "Na ile miaka saba, Nereida, utaiandika ukurasa wa ngapi?"

Nilijionea kinyaa, pale kizingitini, na vile nilivyokuja nikitegemea kushukuriwa. Remberto akaingia ndani, akarudi na diski kwenye soksi.

"Mwambie anakili zote," akasema. "Yule mzee zamu yake saa ngapi?"